Flashi ya Saa Moja

Mama Asenath wa mtaa wa Ziwani hakuwa na saa ya ukutani. Alikuwa na redio. Jioni, redio ikitangaza saa moja kamili na taarifa ya habari ikianza, alichukua simu yake ndogo ya vitufe, ile ambayo watu huita kabambe. Alibonyeza kitufe cha mbili akakishikilia. Simu ikaita mara moja upande wa pili. Akakata.

Baada ya muda mfupi simu yake nayo ililia mara moja, ikanyamaza. Mama alitabasamu, akaenda kusonga ugali.

Hiyo ilikuwa flashi. Watu wengi hupiga flashi ili wapigiwe. Mama Asenath hakutaka kupigiwa. Flashi yake ilisema neno moja tu: "Niko salama, mwanangu." Na ile iliyorudi ilisema: "Hata mimi, Mama."

Aliyeirudisha ni binti yake, Mideva. Mideva ni kiziwi tangu alipougua homa kali akiwa na miaka mitatu. Sasa ni mwalimu wa watoto viziwi huko Kakamega. Simu yake hukaa mfukoni. Ikitetemeka mara moja saa moja jioni, anajua ni nani. Kwa miaka tisa, flashi hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya pekee ya mama na binti kuzungumza wakiwa mbali bila mtu wa katikati.

Mtu wa katikati alikuwa Shitanda.

Shitanda ndiye kifungua mimba wa Mama Asenath, ndiyo maana jirani humwita Mama Shitanda. Ni fundi wa mabati Kariobangi. Hutengeneza majiko, masanduku ya wanafunzi na mikebe ya kunyweshea kuku. Kila Jumamosi mchana alikuja Ziwani kumwona mama yake. Walikunywa chai, kisha Mama akampa kabambe.

"Nisomee dada yako anasemaje."

Mama Asenath aliuza matumbo katika Soko la Burma kwa miaka ishirini. Tarakimu anazijua zote, na hakuna aliyewahi kumpunja chenji. Lakini shule aliiacha mapema, na herufi zikifuatana zikawa nyingi, humchanganya. Kwa hiyo Shitanda alisoma ujumbe wa Mideva, na Shitanda aliandika jibu.

"Mwambie goti linaniuma nikipanda ngazi za kanisa, lakini si sana," Mama alisema. "Mwambie nimeota yuko mdogo, ananiosha miguu. Mwambie jirani yetu, Mwalimu Wavinya, anamsalimia."

Shitanda aliandika: "Mama yuko sawa."

Hakuwa na nia mbaya. Vidole vyake ni vya nyundo, na kuandika kulimchosha, basi akawa anafupisha. Alifupisha hata mwaka ule, kabla ya flashi, Mama alipolazwa siku sita kwa nimonia. Hakutaka kumtia dada yake wasiwasi. Aliandika "Mama yuko sawa" kila siku, siku zote sita. Mideva alikuja kujua ukweli miezi mitatu baadaye. Tangu siku hiyo aliyaamini maneno ya kaka yake kidogo tu, akapatana na mama yake wapigiane flashi, na hiyo akaiamini kabisa.

Shitanda mwenyewe hakujua habari ya flashi. Saa moja jioni kila mara ilimkuta ameshaondoka.

*

Siku moja Mideva alimwandikia kaka yake: "Tumnunulie Mama simu ya kupangusa. Nataka kumwona uso."

Walichangia wote wawili, na Shitanda akainunua. Jumamosi iliyofuata alifika Ziwani na kiboksi mkononi, uso umejaa furaha.

"Mama, leo unaachana na mambo ya kale."

Mama aliigeuza simu mbele na nyuma. Ilikuwa nyeusi na laini, haina hata kitufe kimoja. "Ni nzuri," alisema. "Lakini hii yangu inanitosha."

"Hiyo yako ni ya makumbusho. Leta."

Alitoa laini kwenye kabambe, akaitia kwenye simu mpya. Kabambe akaitupa kwenye droo. Kisha akaanza kufundisha.

"Hapa unagusa. Hapa unapangusa. Hii kijani ni WhatsApp, hii ni kamera, hii ni tochi, hapa ndio unaongeza sauti, na ukitaka kurudi unafanya hivi, unaona? Rahisi tu. Leta nikuonyeshe tena."

Simu ilikuwa mkononi mwa Shitanda muda wote. Vidole vyake vilikimbia juu ya kioo, na macho ya Mama yakawa yanavifuata bila kuvipata. Mzigo wa mwenzako ni kanda la usufi.

"Umeshika, Mama?"

"Nimeshika," alisema Mama, ili mwanawe apumzike. Kisha akauliza: "Namba za watu wangu ziko wapi?"

"Ziko humo tu."

"Na kitufe cha mbili?"

"Hakuna vitufe, Mama. Hii ni ya kisasa."

Shitanda alimaliza chai yake, akaenda zake akiwa amejaa fahari.

Namba hazikuwa humo. Ziliwekwa ndani ya kabambe yenyewe, wala si ndani ya laini. Laini ilihama, namba zikabaki kwenye droo. Shitanda hakuangalia.

Jioni redio ilitangaza saa moja. Mama alichukua simu mpya, akaibonyeza kwa nguvu, jinsi alivyozoea kubonyeza. Kioo kilibadilika rangi, picha ndogondogo zikaanza kutikisika. Akabonyeza tena, tochi ikawaka. Ilikataa kuzima. Mwalimu Wavinya, jirani yake, alikuwa amesafiri kwao Machakos kwa matanga, na Mama aliona aibu kuwaita watoto wa watu. Mwishowe aliifunga ile simu kwa leso na kuiweka chini ya mto. Tochi iliendelea kuwaka humo mpaka chaji ikaisha.

Jumapili, Shitanda alipata ujumbe kutoka Kakamega: "Mama ana nini?"

Akajibu: "Mama yuko sawa."

*

Jumatatu asubuhi Shitanda alikuwa akikata bati simu yake ilipolia. Alikuwa Mwalimu Wavinya.

"Nimerudi kutoka matangani," alisema. "Wewe njoo Ziwani. Dada yako amefika."

"Mideva? Na leo ni siku ya shule?"

"Njoo tu."

Alimkuta Mideva amekaa kitandani kwa mama yao, mkoba haujafunguliwa, macho mekundu kwa kukosa usingizi na kulia. Alikuwa amesafiri usiku kucha. Alidhani anakuja kuzika. Alimtazama kaka yake mara moja, akageuza uso.

"Sasa amekuja kwa nini?" Shitanda aliuliza. "Si nilimwambia uko sawa?"

"Ulimwambia hivyo nikiwa na nimonia," alisema Mama kwa upole.

Ndipo akamweleza habari ya flashi. Alimweleza miaka yote tisa. Shitanda aliketi polepole kwenye kiti cha mlangoni. Bado alikuwa ameshika mkasi wa bati. Alikuwa ameubeba kutoka Kariobangi bila kujua.

Mama na Mideva walirudi kwenye mazungumzo yao ya mikono. Mama Asenath alijifunza lugha ya ishara kutoka kwa binti yake, kila likizo, neno kwa neno. Akiwa sokoni alizitumia ndoo na visu kama vifaa vya somo, na wenzake wa Burma wakidhani anafukuza nzi. Shitanda hakuwahi kupata nafasi ya kujifunza. Alijua njoo, kula, lala, na jina lake mwenyewe. Jina lake kwa ishara ni ngumi inayogonga kiganja, yaani nyundo.

Alikuwa akitazama tu. Mikono ya Mideva ilisema jambo refu. Kisha mikono ya Mama ikasimama hewani.

"Mwaka jana Mideva alipasuliwa tumbo," alisema Mama. "Alilazwa siku nne, flashi akizirudisha kutoka kitandani. Ulijua?"

"Sikujua, Mama. Haki sikujua."

"Hata mimi."

"Kwa nini hakusema?"

"Angesema kupitia nani?" Mama hakuinua sauti. "Ni mambo ya ndani ya mwanamke. Hayo huyapitishi kwenye mdomo wa kaka yako."

Shitanda aliinama. Aliumia sana. Miaka yote alidhani anawaunganisha hawa wawili, kumbe wakati mwingine alikuwa ukuta.

Mama alisimama, akaenda kitandani, akaitoa simu chini ya mto na kuifungua leso. Tumpe haki yake. Mtu wa miaka sitini na saba, aliyeaibishwa na kitu kidogo kama hicho, angeweza kukirudisha dukani na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye alikiweka mezani mbele ya jirani yake.

"Mwalimu," alisema, "nifundishe."

*

Mwalimu Wavinya alifundisha ngumbaru kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Watu wazima waliokuja kwake hawajui kushika kalamu waliondoka wakisoma barua za watoto wao. Alivaa miwani, akaitazama simu, akamtazama Shitanda.

"Nitakufundisha, Mama Shitanda. Lakini kwanza nimfundishe huyu. Shitanda, weka mikono mgongoni."

"Mikono yangu imefanya nini, Mwalimu?"

"Imejifunza simu ya mama yako. Sasa tunataka yake ijifunze. Mgongoni."

Shitanda aliweka mkasi chini, akaweka mikono mgongoni kama mtoto wa shule.

"Jambo la kwanza," alisema Mwalimu, "kabambe iko wapi?"

Waliitoa kwenye droo, wakarudisha laini ndani, na simu mpya wakaitia kwenye chaji. Namba zote zilikuwepo. Mwalimu alimwambia Mama amtajie mmoja mmoja, naye akaziandika kwenye daftari, namba kubwa kubwa, na pembeni ya kila namba alama ya mwenye nayo. Kwa Mideva waliweka nyota.

"Mtu akihama nyumba, habomoi ya zamani kabla hajajua mpya inavuja wapi," alisema Mwalimu. "Hii kabambe ibaki na laini yake. Simu mpya tuitie laini nyingine, ya bando. Ukishazoea utachagua mwenyewe. Na daftari hili liweke kwenye Biblia. Simu huibwa na simu huharibika."

Kisha wakaweka WhatsApp kwa namba ile ya zamani, ambayo Mideva anaijua. Kabambe ikalia. Ulikuwa umeingia ujumbe wenye tarakimu sita.

"Tarakimu unajua," alisema Mwalimu. "Zisome uziandike hapa."

Mama alizisoma bila kukosea hata moja.

"Sasa nisikilize. Hizi sita ni ufunguo wa nyumba yako. Ni zako peke yako, kama ile namba ya siri ya pesa. Mtu akipiga aseme anatoka kampuni ya simu, usimpe. Akisema ni mchungaji, usimpe. Hata akisema ni mimi Wavinya."

"Hata wewe, Mwalimu?"

"Mimi ndiyo kabisa. Mimi niko mlango wa pili. Kwa nini nikuulize kwa simu?"

Mama alicheka. Mideva, ambaye alikuwa akifuata midomo na mikono, naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu afike.

Baada ya hapo Mwalimu alimwelekeza Mama kuongeza ukubwa wa maandishi na kufanya mwanga wa kioo udumu zaidi. Alimwambia aondoe picha ndogondogo asizozihitaji, ukurasa wa mbele ubaki na vitu vitatu. Juu kabisa wakaweka sura ya Mideva.

"Leo tutajifunza jambo moja tu. Kugusa."

Mama alibonyeza sura ya Mideva kwa nguvu. Sura ikaanza kutikisika.

Mkono wa Shitanda ulitoka mgongoni.

"Mikono," alisema Mwalimu bila kugeuka. Mkono ukarudi.

"Mama Shitanda, ukitaka kujua kama pasi imepata moto, unafanyaje?"

Mama alilamba ncha ya kidole, akagusa pasi isiyokuwepo, akaondoa kidole haraka.

"Basi. Kioo ni pasi."

Mama akagusa. Simu ikatii. Akarudia mara tatu, mara tano, mara kumi. Wakati mwingine ilikataa, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimekomaa kwa miaka ishirini ya maji moto na matumbo.

"Hilo si kosa lako," alisema Mwalimu. "Kioo hiki kinapenda ngozi yenye unyevu. Paka mafuta kidogo ya mikono, halafu tumia nyama ya kidole, si kucha."

Siku ya pili walijifunza kupokea simu. "Hapo hugusi. Hapo unapangusa, kama unavyopangusa makombo mezani." Mideva alitoka nje, akasimama karibu na bomba la maji, akampigia mama yake mara nane. Mara ya nane Mama alipangusa kabla Mwalimu hajafungua mdomo.

Jumatano Mideva alirudi kazini. Alhamisi Mama alikosea kila kitu alichokuwa amejifunza Jumanne. Alikasirika, akaifunga simu kwa leso tena, akaenda kanisani kwenye mkutano wa akina mama. Aliporudi aliifungua mwenyewe. Hakuna aliyemwambia.

Na siku ya Ijumaa kabambe ililia. Shitanda alikuwa amepita hapo, naye alisikia yote.

"Mama, hapa ni makao makuu ya simu," ilisema sauti tamu. "Laini yako inataka kufungwa. Kuna tarakimu sita zimeingia kwako sasa hivi. Nisomee nikusaidie."

"Wewe ni nani, mwanangu?"

"Ni ofisi, Mama. Fanya haraka."

"Mwanangu," alisema Mama Asenath, "nimeosha matumbo miaka ishirini. Kitu kilichooza nakijua kabla sufuria haijafunuliwa." Akakata. Kisha akaendelea kuchambua mboga yake ya mrenda.

Shitanda alimtazama kwa heshima mpya. Yeye mwenyewe, mwaka uliopita, alisomea mtu tarakimu kama hizo akatapeliwa, na hakuwahi kumwambia yeyote.

*

Jumamosi mchana walikuwa wote mezani, Mama, Mwalimu na Shitanda, wakati simu mpya ilipowaka. Sura ya Mideva ilijaa kioo chote. Mama alipangusa kama mtu anayepangusa makombo. Kisha, kwa heshima zote, akaiweka simu sikioni.

"Haloo?" alisema.

Shitanda alifungua mdomo. Mwalimu akamtazama. Shitanda alifunga mdomo, na mikono yake ikajikuta mgongoni.

"Mama Shitanda," alisema Mwalimu polepole, "Mideva sasa hivi anaona nini?"

Mama alifikiri. Akaitoa simu sikioni, akaitazama. Mideva alikuwa amejishika mbavu kwa kicheko. Kwa dakika nzima alikuwa ameonyeshwa hereni na kipande cha kitambaa cha kichwa.

"Nimempa sikio mtoto asiyesikia," alisema Mama, naye akacheka mpaka akafuta machozi.

Sasa waliweza kuonana. Lakini likatokea tatizo ambalo hata Mwalimu hakulifikiria. Mama alishika simu kwa mkono mmoja, akazungumza kwa ule mwingine. Lugha ya ishara inataka mikono miwili. Nusu ya maneno yalipotea. Aliiegemeza simu kwenye mkebe wa sukari, ikateleza ikaanguka. Akaiegemeza kwenye chupa ya chai, ikaanguka tena.

Shitanda aliinama, akaitazama simu kutoka ubavuni. Alipima upana wake kwa macho, kisha urefu, kisha akapima umbali kutoka meza hadi uso wa mama yake. Aliaga, akaenda Kariobangi.

Jumapili jioni alirudi na kitu kidogo cha bati. Kilikuwa kigoda cha simu. Mgongo wake ulilala kidogo nyuma, na mbele kilikuwa na ukingo wa kuzuia simu isiteleze. Kila pembe aliipinda ndani ili isimkate Mama. Chini aliacha tundu la waya wa chaji. Alikiweka mezani, akaiweka simu juu yake, ikakaa imara.

Mwalimu Wavinya alikigusa kwa kidole. Hakikutikisika.

"Sasa unaweza kutoa mikono mgongoni," alisema.

Redio ilitangaza saa moja kamili. Mama Asenath alichukua kabambe, akashikilia kitufe cha mbili. Ikaita mara moja. Akakata. Baada ya muda mfupi flashi ikarudi.

"Kwani bado unapiga flashi, Mama?" aliuliza Shitanda. "Si sasa mnaonana?"

"Huku ni kubisha hodi," alisema Mama. "Huingii kwa mtu bila kubisha."

Simu mpya ikawaka. Mama akapangusa, na Mideva akawa mbele yake, na mikono yote miwili ya Mama ilikuwa huru. Ikaanza kuzungumza. Ilisema goti. Ilisema ngazi za kanisa. Ilisema ile ndoto ya mtoto anayeosha miguu, ambayo Shitanda hakuwahi kuiandika. Halafu ikasema mambo mengine, polepole, karibu na kifua, na Mideva akajibu, na hakukuwa na mtu yeyote katikati.

Shitanda alisimama nyuma ya kiti cha mama yake. Kwenye kioo aliona dada yake akigonga kiganja kwa ngumi. Mama naye akagonga kiganja. Nyundo. Wakagonga tena, wakacheka wote wawili.

"Mnanisema?" aliuliza.

Mama hakugeuka.

"Tunakusema," alijibu. "Hebu sogea kidogo, unatuzibia taa."

Shitanda akasogea.